Kufunga muziki kwenye gari la zamani mwenyewe: waya na milango kwanza, sabufa baadaye

Tangu nimalize kufunga muziki kwenye Corolla 110 yangu, maswali ni yale yale. Nikisimama Mwanjelwa kununua viazi, kijana anasogea dirishani: "Kaka, hii umefungiwa wapi?" Nikimwambia nimefunga mwenyewe uani kwangu Uyole, hapa Mbeya, yanafuata mengine matatu: ninunue wati ngapi, waya wa njano unaenda wapi, na kwa nini muziki wangu unakoroma. Nimechoka kueleza nikiwa nimewasha hazadi, kwa hiyo nayaandika yote hapa.

Mwongozo huu unafaa zaidi Toyota za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 zilizotoka Japani: Corolla 100 na 110, Carina, Mark II GX100, Chaser, RAV4 za mwanzo. Kwa Nissan na wengine hatua ni hizi hizi, ila rangi za nyaya hazifanani, hivyo orodha yangu ya rangi usiipeleke huko.

Jambo moja nikuambie mapema. Muziki mbaya kwenye gari la zamani mara nyingi hautokani na upungufu wa wati. Unatokana na waya mwembamba, ethi iliyofungwa juu ya rangi, na mlango unaotetemeka kama bati la banda la kuku. Ukivishughulikia hivyo vitatu, spika za kawaida kabisa zitakushangaza.

Kabla ya kutoa hela

Usinunue namba ya kwenye boksi. Redio iliyoandikwa 50W x 4 inataja kilele chake. Uwezo wa kudumu ni kama wati 15 hadi 20 kwa kila spika. Tafuta palipoandikwa RMS. Kwa amplifaya kuna mtihani mdogo unaoweza kuufanya hapo hapo dukani: angalia fyuzi iliyo ubavuni mwake. Tuseme boksi linadai wati 2000, fyuzi ni ya ampea 30. Zidisha 30 kwa volti 13.8, unapata wati 414. Hizo ndizo zinazoweza kuingia, na kwenye amplifaya za aina ya AB karibu nusu yake huishia kuwa joto. Nyingine zote ni wino wa boksi.

Kama mfuko haujanona, fuata mpangilio huu: redio na spika mbili za mbele kwanza, pamoja na kutuliza milango. Mwezi mwingine amplifaya. Sabufa ije mwisho. Wengi huanza na sabufa, halafu gari linagonga dum dum huku sauti ya mwimbaji ikisikika kama anaimbia ndani ya debe.

Mpango ninaoupendekeza kwa anayeanza ni amplifaya moja ya njia 4 (yaani matokeo manne ya spika) yenye wati 50 za RMS kwa kila njia. Njia mbili zinaendesha milango ya mbele, mbili zilizobaki unaziunganisha pamoja kuendesha sabufa moja ya inchi 10. Spika za nyuma ziache kwenye redio, zinatosha kwa abiria.

Andaa vitu hivi:

- Multimita ya dijiti, hata ya bei ya chini. Bila hiyo usianze.
- Spana namba 10 na soketi yake yenye shingo ndefu, bisibisi ya nyota na ya bapa.
- Kijiti cha kung'olea plastiki. Mimi nilichonga mwanzi. Huku kwetu mianzi si shida, na haikwangui dashibodi kama bisibisi.
- Plaizi ya kukatia na ya kubania vichwa vya waya, chuma cha solda na risasi yake, mpira wa kusinyaa kwa moto, tepu nyeusi.
- Soketi za Toyota za kuungia redio mpya: moja ya pini 10, nyingine ya pini 6. Zinakuepusha kukata nyaya za gari.
- Waya mwekundu na mweusi wa milimita 8 za mraba (geji 8), kibebeo cha fyuzi na fyuzi ya ampea 30.
- Waya wa spika wa milimita 1.5, waya wa RCA (unaopeleka sauti kutoka redio hadi amplifaya), na waya mwembamba wa bluu wa kuwashia amplifaya.
- Betri moja ya saa ya ukutani, ile ya volti 1.5. Utaona kazi yake.
- Vipande vya plaiwudi, rangi ya mafuta, misumari ya skrubu na vifungo vya plastiki.

Ukinunua waya, omba kisu uukwangue ncha. Ukiona nyuzi ni nyekundu nje na nyeupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Hubeba umeme mdogo kuliko shaba tupu ya unene ule ule na huota kutu haraka pale inapofungwa. Kama ndio pekee uliopo, nunua mnene zaidi, geji 4.

Hatua ya 1: Pima afya ya umeme wa gari

Asubuhi kabla ya kuwasha, pima betri. Inayofaa husoma volti 12.4 hadi 12.7. Washa injini, washa taa kubwa na feni, pima tena: tarajia 13.5 hadi 14.4. Ikisoma chini ya 13.2, simama hapo hapo umtafute fundi umeme aangalie mkanda, alteneta na vichwa vya betri. Kufunga amplifaya kwenye alteneta inayokufa ni kumpandisha mgonjwa mlima Loleza.

Kwa mpango wetu wa amplifaya moja, betri ya NS60 iliyo nzima inatosha. Huhitaji betri ya pili, hata ukiambiwa nini.

Hatua ya 2: Chagua saa, kisha toa hasi

Plastiki za gari la miaka 25 haziipendi baridi yetu. Juni na Julai asubuhi klipu zinavunjika kama biskuti. Liache gari juani lenye madirisha yaliyofungwa mpaka saa sita, ndipo uanze kung'oa.

Zima kila kitu, toa ufunguo, legeza hasi ya betri kwa spana namba 10 na uisogeze pembeni. Siku zote hasi hutoka kwanza na hurudi mwisho. Kama gari lina mifuko ya hewa, subiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa dashibodi, na soketi zenye rangi ya njano zilizo karibu na usukani usizifungue wala kuzipima na mita. Hizo si za redio.

Hatua ya 3: Toa redio ya zamani

Kwenye Toyota nyingi za zama hizo, fremu ya plastiki inayozunguka redio imeshikwa na klipu tupu, wakati mwingine na skrubu iliyofichwa nyuma ya kibebeo cha majivu ya sigara. Ingiza kijiti pembeni, vuta taratibu pande zote, usivute kona moja. Soketi za swichi za nyuma ya fremu uzichomoe kwa kubonyeza ulimi wake. Redio yenyewe imefungwa kwa nati nne za namba 10. Piga picha kwa simu kila unapofungua kitu.

Hatua ya 4: Zijue nyaya kabla ya kuunga

Hapa ndipo redio nyingi zinapofia, kwa hiyo soma polepole.

Rangi za nyaya upande wa gari (Toyota):

- Bluu yenye mstari wa njano: umeme wa kudumu
- Kijivu: umeme wa ufunguo (ACC)
- Kahawia: ethi
- Kijani: umeme wa taa za dashibodi
- Pinki chanya, zambarau hasi: spika ya mbele kushoto
- Kijani mpauko chanya, bluu hasi: mbele kulia
- Nyeusi chanya, njano hasi: nyuma kushoto
- Nyekundu chanya, nyeupe hasi: nyuma kulia

Rangi upande wa redio mpya karibu zote:

- Njano: umeme wa kudumu
- Nyekundu: ACC
- Nyeusi: ethi
- Chungwa: taa
- Bluu yenye mstari mweupe: kuwasha amplifaya
- Nyeupe, na nyeupe yenye mstari mweusi: mbele kushoto
- Kijivu, na kijivu yenye mstari mweusi: mbele kulia
- Kijani, na kijani yenye mstari mweusi: nyuma kushoto
- Zambarau, na zambarau yenye mstari mweusi: nyuma kulia

Kwenye jozi hizo nne za mwisho, waya wenye mstari mweusi ni hasi.

Umeuona mtego? Njano, nyekundu na nyeusi za redio ni umeme, lakini njano, nyekundu na nyeusi za gari ni spika za nyuma. Ukiunga rangi kwa rangi, redio haiwaki. Hiyo ni nafuu. Balaa ni kijivu: kwenye redio ni spika, kwenye gari ni volti 12. Mimi mara ya kwanza niliona redio haipati umeme, nikachukua umeme wa ufunguo kutoka kwenye kiberiti cha gari, nikajiona mjanja. Kijivu kikabaki kinaning'inia, nikakiunga na kijivu mwenzake kwa kuwa vilifanana. Niligeuza ufunguo mara moja tu. Moshi ulitoka kwenye matundu ya redio mpya, na harufu ilikaa garini mpaka Makambako nilikokuwa naenda kesho yake kwa msiba, tukiimba wenyewe.

Kijani nacho kina tabia hiyo, ila chenyewe kinasubiri uwashe taa jioni.

Hata ukinunua soketi za Toyota, pima. Gari hili limepita kwenye mikono ya mafundi wangapi, hujui. Rudisha hasi ya betri kwa muda, weka mita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye chuma tupu cha bodi:

- Waya unaosoma volti 12 hata ufunguo ukiwa mfukoni ni wa kudumu.
- Unaosoma 12 ufunguo ukiwa ACC tu ni wa ACC.
- Unaosoma 12 ukiwasha taa ndogo ni wa taa.

Toa hasi tena. Spika zitambue kwa betri ya saa: gusisha chanya na hasi yake kwenye jozi ya nyaya, sekunde moja tu. Spika husika italia "tap". Mwenzako akiangalia koni yake ikiruka kuja nje, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika. Ikiingia ndani, umegeuza.

Hatua ya 5: Funga redio mpya

Unga nyaya za redio na zile za soketi za Toyota mezani, siyo umejikunja chini ya dashibodi. Vaa mpira wa kusinyaa kwanza (utasahau, kila mtu husahau), sokota, chomelea risasi, sogeza mpira, pasha moto. Kusokota na kufunga tepu pekee kunadumu mpaka siku utakapoingia barabara ya mashambani yenye makorongo. Baada ya hapo spika moja inakuwa inakuja na kuondoka.

Mambo matatu ya kuangalia hapa:

Skrubu. Vyuma vya pembeni vya redio ya zamani utavihamishia kwenye mpya. Tumia skrubu fupi zilizokuja na redio. Ndefu inaingia mpaka kwenye saketi.

Upana. Nafasi ya Toyota ina upana wa milimita 200, redio nyingi mpya ni kama 178. Lile pengo la sentimita moja kila upande si kosa lako. Kuna fremu za plastiki za kulifunika.

Ekspanda. Redio za Kijapani za zamani zinashika FM ya 76 hadi 90 tu, wakati redio zetu ziko 88 hadi 108, ndiyo maana gari nyingi zilifungwa kijiboksi kwenye waya wa antena. Redio mpya haikihitaji. Kitoe, pamoja na nyaya zake za umeme, la sivyo kila stesheni itaonekana mahali pasipo pake.

Hatua ya 6: Milango

Hapa ndipo ninapotumia siku nzima, na ndipo wengi wanapotumia nusu saa.

Skrubu za jopo la mlango zimejificha: moja nyuma ya kitasa cha kufungulia, nyingine kwenye mkono wa kuvutia, na mara nyingi kuna kifuniko cha pembetatu karibu na kioo cha pembeni. Kama dirisha ni la kuzungusha kwa mkono, mpini wake umeshikwa na klipu ya waya kwa nyuma. Pitisha kitambaa kati ya mpini na jopo, kivute huku na huku kama unabrashi kiatu, klipu itaruka. Itafute kabla haijapotelea kwenye majani. Sasa ng'oa klipu za pembeni, inua jopo juu, chomoa soketi za swichi.

Nyuma utakuta karatasi ya nailoni imegandishwa kwa gundi nyeusi. Usiichane. Maji ya mvua hupita ndani ya mlango siku zote na kutokea chini, na karatasi hiyo ndiyo inayoyazuia yasiingie kwenye kapeti. Aliyezaliwa Tukuyu haelezwi zaidi. Ibandue taratibu, uirudishe baadaye.

Kabla ya kufunga spika, shusha kioo mpaka mwisho na upime umbali kutoka kwenye bati hadi kwenye kioo. Linganisha na kina cha spika yako. Nimeona mtu akifunga spika nzuri, akashusha dirisha barabarani kumlipa muuza ndizi, kioo kikagonga sumaku na kukwama hapo hapo. Kama kina hakitoshi, chonga pete ya plaiwudi ya milimita 12 ili spika isogee nje. Vipande vya plaiwudi ya Mafinga unaweza kuomba kwa fundi seremala. Ipake rangi ya mafuta mara mbili, pande zote na ndani ya matundu ya skrubu, maana maji yataigusa tu.

Kisha tuliza mlango. Spika inasukuma hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Ya nyuma ikipenya kwenye yale matundu makubwa ya bati na kukutana na ya mbele, bezi inakufa. Bandika shiti za butili (mpira mzito unaonata) zenye alumini kwenye bati la nje kwa ndani, halafu ziba matundu makubwa, ila acha matundu ya chini ya kutolea maji wazi. Kuna wanaotumia lami ya kuzibia paa. Kwa baridi ya Mbeya inashika, lakini siku utakaposhuka Kyela na kuegesha juani italainika, iteremke mpaka kwenye mashine ya kioo. Ongeza pesa kidogo, nunua butili.

Gonga mlango kwa ngumi kabla na baada. Ukisikia "twii" limekuwa "dub", endelea.

Unga spika kwa chanya na chanya, hasi na hasi. Hasi ya spika isiguse bodi hata kidogo. Haifanani na hasi ya taa. Ikigusa, redio itajizima au kuungua.

Hatua ya 7: Waya mkubwa wa amplifaya

Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45. Kazi yake ni kuulinda waya, siyo amplifaya. Waya ukichubuka chini ya kapeti ukagusa bodi bila fyuzi hapo mbele, gari linaungua, na hakuna utakachofanya zaidi ya kuangalia. Kwa mpango wetu ni ampea 30: jumla ya wati 250 (100 za milango, na 150 za sabufa kwenye zile njia mbili zilizounganishwa) ukigawa kwa 0.6 ya ufanisi, kisha kwa 13.8, unapata karibu hapo. Usiweke fyuzi kubwa eti kwa kuwa ile ndogo inakatika.

Pitisha waya kwenye raba kubwa ambamo nyaya za kiwandani huingilia kutoka upande wa injini. Ukilazimika kutoboa tundu jipya, angalia kwanza kilicho upande wa pili na uvalishe raba. Fuata ukingo wa mlango mpaka kwenye buti, chini ya plastiki za kukanyagia. Fyuzi iache nje kwa sasa.

Hatua ya 8: Ethi

Chagua chuma kinene cha bodi kwenye buti, siyo bati jembamba wala nati ya mkanda wa kiti. Kwangua rangi mpaka uone chuma kinachong'aa, funga kichwa cha waya kwa bolti na nati yenye meno, kisha paka grisi juu yake kuzuia kutu. Waya wa ethi uwe mnene kama ule mwekundu na usizidi nusu mita. Pima omu kati ya ethi hiyo na hasi ya betri: ikizidi nusu omu, rudia.

Hatua ya 9: RCA na waya wa kuwashia

RCA zipite upande wa pili wa gari, mbali na waya mkubwa. Waya wa bluu-nyeupe uende kwenye tundu la amplifaya lililoandikwa REM. Usiuibie umeme kwenye waya wa kudumu.

Hatua ya 10: Boksi la sabufa

Kwa inchi 10 kwenye boksi lililozibwa, lita 20 hadi 30 hufaa sabufa nyingi. Karatasi iliyokuja nayo ndiyo ya kuisikiliza. Ndani likiwa sentimita 40 kwa 30 kwa 20 ni lita 24. Kwa mbao ya milimita 18, nje litakuwa 43.6 kwa 33.6 kwa 23.6. Gundi ya mbao kila unganisho, skrubu kila sentimita 10, na lifunge kwenye bodi ili siku ya breki za ghafla Kitonga lisije kukaa na wewe mbele.

Ukiunganisha njia mbili za amplifaya kuwa moja, sabufa iwe ya omu 4. Amplifaya nyingi haziruhusu chini ya hapo kwa mtindo huo. Ile yenye koili mbili za omu 4 ukiziunga sambamba inakuwa omu 2, na amplifaya itachemka.

Hatua ya 11: Washa kwa mara ya kwanza

Rudisha hasi ya betri. Shusha vinobu vyote vya GAIN vya amplifaya mpaka mwisho, sauti ya redio sifuri. Chomeka fyuzi, cheche ndogo ni kawaida. Washa redio, angalia taa ya amplifaya. Ikiwa ya kijani au bluu, ongeza sauti kidogo kidogo na utembelee spika moja moja kwa kutumia balansi ya redio. Usirudishe plastiki bado.

Hatua ya 12: Kuweka GAIN kwa mita

GAIN si kinobu cha sauti. Kazi yake ni kulinganisha redio na amplifaya, na ukikizidisha ndicho kinachoua spika.

Toa nyaya za spika kwenye amplifaya. Zima vichujio vyote vya amplifaya, yaani viwe kwenye FULL au OFF, na kwenye redio weka bezi na trebo katikati. Cheza mlio wa hezi 50 (unapatikana mtandaoni bure), pandisha redio mpaka robo tatu ya sauti yake, injini ikiwa inawaka. Weka mita kwenye volti za AC, pima kwenye matundu ya spika, na uzungushe GAIN taratibu mpaka isome:

- volti 14 kwa njia ya wati 50 kwenye omu 4
- volti 24.5 kwa sabufa ya wati 150 kwenye omu 4

Wenye wati nyingine, zidisha wati kwa omu, kisha tafuta kipeuo cha pili. Zima, rudisha spika, sasa weka vichujio: milango HPF hezi 80 (inazuia sauti za chini ya hapo), sabufa LPF hezi 80 (inazuia za juu ya hapo). Kile kinobu cha BASS BOOST kiache sifuri. Najua utakigusa.

Ikigoma

*Redio haiwaki kabisa.* Pima njano na nyekundu za redio. Zote zisome 12. Kama zipo, kosa ni ethi.

*Inasahau stesheni ukizima gari.* Njano na nyekundu zimebadilishana, au zote mbili umezifunga kwenye ACC.

*Haishiki baadhi ya stesheni, nyingine ziko sawa.* Ingia kwenye mipangilio ya eneo. Redio ikiwa kwenye Marekani inaruka hatua za 0.2 na kusimama kwenye 88.1, 88.3 na kuendelea, kwa hiyo stesheni ya 104.0 haifikiwi. Chagua Ulaya.

*Mluzi unaopanda na mafuta.* Rudia ethi ya amplifaya, kisha tenganisha RCA na waya mkubwa. Kama mluzi upo hata RCA zikiwa zimechomolewa kwenye amplifaya, tatizo liko kwenye umeme wake. Ukipotea, liko mbele kwa redio.

*Bezi imekonda, na ukiegemea upande mmoja inarudi.* Spika moja ya mlango imegeuzwa chanya na hasi. Betri ya saa itakuonyesha.

*Amplifaya inawaka taa nyekundu.* Chomoa nyaya zote za spika. Taa ikirudi kijani, kuna waya wa spika unaogusa bodi. Ikibaki nyekundu, mpelekee fundi wa amplifaya.

*Mlango unapiga kelele kwenye noti moja tu.* Cheza muziki huo, bonyeza jopo kila mahali kwa kiganja. Likinyamaza, hapo klipu imevunjika au fimbo ya kufuli inagonga bati, ivalishe sponji.

*Gari haliwaki asubuhi.* Zima kila kitu, subiri dakika kumi, weka mita kwenye ampea kati ya hasi ya betri na waya wake. Zaidi ya miliampea 50, kuna kinachonyonya. Chomoa fyuzi ya amplifaya. Namba ikishuka, waya wa REM umefungwa kwenye umeme wa kudumu. Wangu ulikuwa hivyo, na nilisingizia baridi ya Julai siku tatu nzima, majirani wakinisukuma, kabla sijaufikiria.